Mota ya mashine ya kusaga: Inavyotoka China hadi Bombambili, na kwa nini bei zinapishana

Mota mbili, zote zimeandikwa hosipawa 20, zote rangi ya bluu, zote zimetoka China. Moja bei juu, nyingine karibu nusu yake. Mwenye mashine ya kusaga pale Bombambili, Songea, atachukua ipi?

Wengi huchukua ya bei nafuu. Halafu mavuno yakianza, foleni ya madebe ya mahindi imefika barabarani, mota inaanza kunuka. Ikifika kwa fundi wa kusuka mota na kufunguliwa, ndipo siri inaonekana: nyaya za ndani si shaba, ni alumini.

Hapo watu husema "mali ya Mchina". Lakini kiwanda kile kile cha China kinaweza kutengeneza mota zote mbili. Kinachotofautisha ni oda aliyoandika mnunuzi.

Zamani aliyeagiza alikuwa serikali

Bidhaa za viwanda vya China hazikuanza kufika Ruvuma juzi. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Ndani ya mpango huo kulikuwa na jambo ambalo vijana wa leo hawalijui: sehemu ya gharama za hapa nchini, mishahara ikiwemo, ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. China ilileta mali kwa mkopo, mashirika ya umma yakaziuza, hela ikaenda kwenye ujenzi.

Mwananchi hakuchagua kiwanda wala bei. Baiskeli ya Phoenix kutoka Shanghai ikifika duka la RTC, unapanga foleni. Basi. Reli yenyewe haikupita Songea. Mzigo uliokuja kwa treni ulishushwa Makambako, kisha lori likamalizia karibu kilomita 300.

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, na zama za "ruksa" zikaanza. Wafanyabiashara wengi walianzia Dubai kwa sababu ni karibu. Baadaye, hasa China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwishoni mwa 2001, wakaanza kwenda wenyewe Guangzhou, yanakofanyika yale maonyesho makubwa ya biashara tangu 1957, na Yiwu kwa bidhaa ndogondogo. Sasa hata safari si lazima. Simu, picha, bei, wakala, mzigo unapanda kontena la kuchangia na watu wengine.

Urahisi huo ndio ulioleta tatizo la mota.

Dizeli ilisamehe, umeme hausamehi

Kwa miaka mingi mashine za kusaga maeneo kama haya ziliendeshwa na injini za dizeli. Zilikuwepo zile za aina ya Lister, nzito kama jiwe la msingi, kisha zikaja za Kichina za silinda moja kama S195. Namba hiyo ina maana: silinda 1, upana wa milimita 95. Injini ya namna hiyo ikizidiwa inapunguza mwendo, inatoa moshi mweusi, na kila mtu anajua.

Mwaka 2018 umeme wa gridi ya taifa ukafika Songea kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta. Mota ya umeme ikawa na maana kibiashara: haina kununua dizeli, haina kupiga hendeli asubuhi. Ila mota ikizidiwa haipigi kelele. Inachemka kimyakimya mpaka inaungua.

Sasa shaba na alumini. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba. Ili waya wa alumini ubebe umeme ule ule bila kuchemka zaidi, lazima uwe mnene zaidi, na mota nayo iwe kubwa zaidi. Kiwanda kikifanya hivyo, hakuna shida. Alumini si haramu. Shida ni pale waya wa alumini unapobanwa kwenye gamba la mota ya shaba, kisha nje kinagongwa kibati cha hosipawa 20.

Kuna ujanja mwingine: waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Ukiutazama ni mwekundu. Ukate uangalie ncha yake, ndani ni mweupe.

Njia rahisi ya kushtuka mapema ni mizani. Uzito wa shaba ni zaidi ya mara tatu ya ule wa alumini kwa ujazo ule ule. Mota ikiwa nyepesi sana kuliko za daraja lake, uliza maswali kabla hujatoa hela.

Oda ndiyo kinga

Neno "mota hosipawa 20" pekee linamwachia kiwanda kuchagua kila kitu, na kitachagua kinachoendana na bei uliyotaja. Oda ya mtu anayejua huandika: waya wa shaba tupu, kilowati 15, fezi tatu, hertz 50, mizunguko kwa dakika, na uzito. Hiyo hertz si urembo. China na Tanzania zote hutumia 50, lakini viwanda hutengeneza pia za 60 kwa masoko kama Marekani. Ukiletewa hiyo, mwendo wake hapa hautakuwa ulioandikwa.

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 mwanzoni na 70 kabla mzigo haujaondoka. Hiyo 70 ndiyo nguvu pekee ya mnunuzi. Anayetaka usalama humtuma wakala akapime na kupiga picha kabla ya kuilipa. Baada ya hapo, kumdai mtu aliye Zhejiang ukiwa Ruvuma ni kazi.

Na bei ya kiwandani siyo bei ya Songea. Ushuru hupigwa juu ya jumla ya bei, bima na nauli ya meli, kisha VAT asilimia 18, halafu kuna bandari, wakala wa forodha, na lori la zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar. TBS nayo tangu 2012 ina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa huko zinakotoka.

Kalenda nayo huwaangusha wengi. Mahindi ya Ruvuma huvunwa kuanzia karibu Mei. Viwanda vya China hufungwa wiki kadhaa kwa mwaka mpya wao, kati ya Januari na Februari, na oda hujazana kabla na baada ya hapo. Meli huchukua mwezi au zaidi. Anayetaka mota iwe imefungwa Bombambili kabla ya mavuno, oda yake inatakiwa kuwa kiwandani kabla ya Krismasi.