Kima cha Chini cha Mshahara na Kijana Asiye na Kazi

Mjadala wa mishahara ukianza Kasese, Uganda, madai mawili hayakosekani. La kwanza: serikali ikiweka kima cha chini, vijana watakosa kazi, kwani hakuna atakayemlipa asiye na uzoefu zaidi ya anachozalisha. La pili: ikikiweka, umaskini utakwisha. Nitayapima kwa zamu.

Mwenye dai la kwanza huonyesha vijana waliojaa vijiweni, akadhani ametoa ushahidi. Lakini kima cha chini kilichopo Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 1987 fedha ikabadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Kwa hesabu kali, zile 6,000 ni shilingi 60. Hata tusipokata sifuri, ni mwajiri gani aliyewahi kumfukuza kijana kwa kushindwa kumlipa 6,000 kwa mwezi? Kinacholaumiwa ni sheria isiyomgusa mtu.

Hapa inaingia Kilembe, yenye mgodi wa shaba, na nitakaa nayo, maana watu huirukia wanapotaka mfano wa ajira zilizopotea. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe ikaanza kwenda Jinja kuyeyushwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umekoma. Angalia tarehe: mgodi ulinyamaza kabla ya kiwango cha 1984. Ulidhoofishwa na bei ya shaba iliyoanguka katikati ya miaka ya 1970 na uchumi uliovurugwa wakati wa Idi Amin. Anayetaja mishahara mikubwa hajatazama hata kalenda.

Mgodi ulipokuwa hai, bonde la Kilembe lilikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa wa kazi, na nyumba za wafanyakazi zilikuwa zake pia. Aliyeacha kazi aliacha na paa. Mwaka 1933 mwanauchumi Joan Robinson alieleza hali ya namna hii. Mwajiri wa peke yake, akitaka kuongeza mfanyakazi mmoja, hulazimika kupandisha mshahara ili ampate, na waliokwishaajiriwa watadai nyongeza hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu mmoja wa ziada humgharimu mshahara wake pamoja na nyongeza ya wenzake wote. Akiona hivyo, mwajiri huacha kuajiri mapema, na mshahara hubaki chini ya thamani ya kazi. Sheria ikiweka kima cha chini, nyongeza ya wote imeshalipwa. Mtu wa ziada sasa anagharimu mshahara wake tu. Mahali kama hapo kima cha chini chaweza kuongeza ajira. Kikipita thamani ya kazi yenyewe, ajira itapungua. Ukubwa wa kiwango na idadi ya waajiri ndivyo vinavyoamua.

Je, jambo hili limewahi kupimwa? Mwaka 1992 New Jersey, Marekani, ilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Wanauchumi David Card na Alan Krueger wakalinganisha migahawa yake, inayoajiri vijana wengi, na ya jimbo jirani la Pennsylvania ambako kiwango hakikubadilika. Hawakuona ajira ikipungua. Watafiti wengine walibishana nao kwa takwimu nyingine, lakini njia ya Card na Krueger ya kulinganisha majirani ni imara. Usiibebe kiholela hadi mpakani Mpondwe ukalinganisha Bwera na Kasindi, Kongo: fedha ni tofauti, usalama ni tofauti, na jibu halitakuwa la mishahara.

Dai la pili halichukui muda. Kijana anayebeba magunia Mpondwe, au anayevuna chumvi Katwe kwa malipo ya mzigo, mara nyingi hana mwajiri wa kubanwa na sheria. Takwimu humhesabu kuwa ana kazi, kwa kuwa saa moja ya malipo kwa wiki inatosha. Kima cha chini hakimfikii.

Mwaka 2019 Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa kima cha chini. Rais akakataa kuutia sahihi. Utarudi. Ukirudi, msomaji, mwulize kila anayepaza sauti: kijana unayemsemea ana mwajiri? Waajiri ni wangapi mahali pake? Kiwango unachotaka, au unachokipinga, kikoje mbele ya malipo ya sasa? Asiyejibu hayo usikubali akuamulie.