Maktaba na mitandao ya kijamii (2): Msomaji wa Buganguzi atafikiwaje?

Juma lililopita tuliishia mlangoni mwa Maktaba ya Mkoa, mjini Bukoba. Leo twende kwa msomaji mwenyewe. Mkulima wa Buganguzi, wilayani Muleba, akitaka kitabu cha maktaba hiyo hana budi kutafuta nauli na kuacha kazi zake za siku nzima. Wakati huohuo simu yake haitulii. Ndugu walioko Dar es Salaam na Mwanza wanamtumia habari za msiba, michango ya harusi na picha za watoto. Makundi ya ukoo na ya kijiji yapo tayari na yanafanya kazi, lakini maktaba haimo.

Kanda yetu ya Ziwa ina historia ya kumpelekea mwanakijiji maandishi yanayomfaa. Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa wakati ule. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu husoma kwa bidii kile kinachogusa kazi ya mikono yake. Msingi huo haujachakaa, na hapo ndipo ningependa maktaba zianzie zinapoingia mitandaoni.

Maana kurasa nyingi za taasisi za umma zimejaa picha za wageni rasmi na matangazo ya vikao. Huo ni ubao wa matangazo tu. Kazi ya mkutubi ni kumtafutia mtu jibu la swali lake.

Chukua ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, uliogunduliwa nchini mwaka 2006, hapahapa Muleba. Mama anaona majani yanageuka manjano na mkungu unaiva kabla ya wakati. Akikata ndizi, ndani imeoza. Anapiga picha na kuituma kwa namba ya maktaba. Mkutubi hajifanyi bwana shamba. Anachokifanya ni kutafuta maelezo ya watafiti wa kilimo, kwa mfano wa kituo cha Maruku, kisha anamrudishia kwa ufupi: ng'oa mgomba uliougua, ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na panga lililokata mgomba mgonjwa lichome motoni au lisafishe kwa jiki kabla halijagusa mwingine. Anamwelekeza pia kwa ofisa ugani wa kata. Kwa bibi asiyesoma vizuri, maelezo hayohayo yanarekodiwa kwa sauti, kwa Kihaya. Mwenye kitochi anatumiwa ujumbe mfupi wa maneno.

Vifaa si vya gharama kubwa. WhatsApp ya biashara ni ya bure, na ina sehemu ya kupanga orodha ya bidhaa. Humo mkutubi anaweza kuweka majalada ya vitabu vipya, msomaji achague kabla ya kusafiri. Kwa habari za jumla, chaneli inafaa kuliko kundi, kwa kuwa kwenye kundi namba ya kila mwanachama huonekana na wengine. Wanafunzi waelekezwe kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada. Na kwa kuwa bando ni ghali, programu ya Kiwix huwezesha kupakua Wikipedia ya Kiswahili mara moja na kuisoma baadaye bila intaneti. Kompyuta moja katika shule ya kata inatosha kuanzia.

Tahadhari zipo. Kurusha nakala ya riwaya nzima kwenye kundi ni kumnyang'anya mwandishi jasho lake, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakataza. Picha za watoto wanaosoma zisipakiwe bila ridhaa ya wazazi. Kumbuka tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Habari anazosoma mtu nazo ni siri yake. Anayeuliza kuhusu ukimwi au mirathi asijibiwe mbele ya kundi.

Kuna jambo lingine linalonikaa moyoni. Mwandishi F. X. Lwamgira alichapisha historia ya ufalme wa Kiziba kwa Kihaya mwaka 1949, na ni vijana wachache mno waliowahi kukishika kitabu hicho. Ni magazeti mangapi ya zamani, barua na picha za vyama vya kahawa zinaliwa na mchwa kwenye masanduku ya wazee wetu? Maktaba ikiomba kupitia makundi hayohayo ya ukoo, mjukuu aliyeko Dar es Salaam atapiga picha karatasi za babu na kuzituma, na majina ya walio pichani yatatajwa na wanaowakumbuka wangali hai.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Muleba na Bodi ya Huduma za Maktaba ni dogo: simu janja moja, bando la mwezi, na mkutubi aliyepewa saa mbili kila siku za kujibu maswali. Nanyi wana Buganguzi mlioko mbali, namba ya simu hiyo ikitangazwa, iingizeni kwenye makundi yenu siku hiyohiyo. Juma lijalo tutaangalia namna ya kuwafunza wakutubi kazi hii.