Jezi 27 chini ya kitanda: Hesabu ya biashara ya spoti niliyofunzwa na mtaa wa Thika

Usiku wa Agosti 22, 2025, nilikuwa karibu na stage ya Kasarani, Thika Road, begi la jezi nyekundu begani na simu mkononi. Ndani ya uwanja, Harambee Stars walikuwa wanapigiana penalti na Madagascar kwenye robo fainali ya CHAN. Sikuhitaji simu kujua matokeo. Kelele zilizokuwa zikipanda tangu jioni zilikatika ghafla, kama stima imepotea.

Watu wakaanza kutoka, kimya. Jamaa mmoja alikuwa amevua jezi yake na kuifunga kiunoni. Nikaita, "Jezi mia tano! Jezi mia nne!" Hakuna aliyegeuza kichwa.

Wenzangu walilia kwa sababu ya penalti. Mimi nililia kwa sababu ya deni.

Naandika hii stori kwa sababu najua tuko wengi. Kutoka Githurai hadi Ruiru, Juja hadi Thika, kila kijana anayependa mpira amewahi kufikiria kuufanya biashara: kuuza jezi, kufungua akademia, kuandaa tonamenti, kukodisha uwanja. Mapenzi tunayo. Kitu ambacho wengi wetu hatuna ni daftari.

Ilianza na Morocco

Mimi ni wa Makongeni, Thika. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kutosha, na tangu hapo nimekuwa nikiandika mtandaoni na kupiga picha za mechi za mtaani. Agosti 10 Stars walipowachapa Morocco 1-0, wakiwa wamebaki wachezaji kumi uwanjani, niliona pesa inaelea hewani.

Nilikuwa na akiba ya shilingi 12,000. Nikakopa 15,000 kwa chama cha mathe, riba asilimia 10, yeye akiwa mdhamini wangu. Nikashuka Nairobi nikanunua fulana 60 nyekundu, kila moja shilingi 350, na kuchapisha neno KENYA kwa shilingi 100. Sikuweka nembo ya shirikisho wala ya kampuni yoyote. Hiyo angalau nilijua ni kesi ya bidhaa ghushi.

Agosti 17 tukawapiga Zambia 1-0 na nikajiona tajiri. Kufikia ile robo fainali nilikuwa nimeuza jezi 23 kwa shilingi 600. Baada ya Madagascar niliuza 10 pekee, kwa 300, na hizo zilinichukua hadi Desemba. Zilizobaki 27 zikaingia chini ya kitanda.

Swali la mathe

Mathe hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, akiendelea kukata sukuma kwa kibanda chake: "Kijana yangu, kila jezi ilikuwa inakuachia ngapi?"

"Mia moja na hamsini," nikajibu haraka.

"Na nauli ya Kasarani? Na chakula? Na bando za kuweka picha mtandaoni?"

Nikanyamaza. Mathe hajasoma biashara popote, lakini ameuza mboga miaka mingi na anajua kila fungu la sukuma limemgharimu ngapi, pamoja na la mwisho linalonyauka. Alichukua kalenda ya zamani, akaigeuza, tukaandika.

Jezi 60 kwa 450 ni shilingi 27,000. Nauli, chakula na bando ni 3,000. Jumla 30,000. Yaani kila jezi ilinigharimu 500, na faida ilikuwa 100. Kwa bei ya 600, nilihitaji kuuza jezi 50 ndio nirudishe pesa iliyotoka mfukoni. Faida yangu ya kwanza ilikuwa kwa jezi ya 51. Mimi niliuza 23 kwa bei hiyo, halafu nikaanza kushangaa pesa imeenda wapi.

Mauzo yote yalikuwa 16,800. Ukiongeza riba ya 1,500 kwa gharama, nilipoteza 14,700. Pesa yote ya jezi ilipitia kwangu na kuishia kwa chama, ikabaki mia tatu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nimeisoma hiyo methali shule ya msingi na kupata alama zangu. Kuielewa kulinigharimu pesa.

Fundi asiyejali nani ameshinda

Karibu na kwetu kuna mama fundi anayeshona jezi za timu za mtaa na nguo za michezo za shule. CHAN ilikuja ikaenda, yeye hakushtuka. Nilimwendea Januari nikamuuliza siri yake.

"Sina siri," akaniambia. "Sishoni kabla nione pesa. Timu ikitaka jezi 16, inaleta nusu. Hiyo nusu ndiyo inanunua kitambaa na kulipa mchapishaji. Hiyo nyingine wakileta, ndiyo yangu."

"Na wakikosa kuileta?"

"Basi jezi zinakaa hapa na jina lao mgongoni. Sijawahi kuona timu imeacha jezi yenye jina lake."

Ukiangalia vizuri, mimi na yeye tulikuwa kwa soko moja. Tofauti ni kwamba mimi nilinunua mzigo kwanza halafu nikaanza kutafuta mtu wa kunilipa. Yeye analipwa kwanza. Mimi niliweka dau kwa miguu ya wachezaji ambao siwajui. Yeye anategemea kalenda, na kalenda haipigi penalti nje.

Alinionyesha hiyo kalenda, imebandikwa juu ya cherehani. Muhula wa kwanza shule za upili zina basketiboli, hoki na handiboli. Muhula wa pili ni kandanda, voliboli na netiboli. Desemba ni tonamenti za mtaa, kila mwanasiasa anataka kupeana kombe. Kila tarehe ameirudisha nyuma wiki sita: hapo ndipo anaanza kupigia walimu na makocha simu.

Ugonjwa wa mdhamini mmoja

Usidhani ni sisi wadogo tu tunaofanya hili kosa. Hapa Thika tulikuwa na Thika United kwenye Ligi Kuu. Wakati mmoja ilibeba jina la Brookside, kampuni ya maziwa ya hapa Ruiru. Mwaka wa 2018 timu ikashuka daraja.

Agosti 2019, SportPesa walipovutana na serikali kuhusu leseni na ushuru, walisimamisha udhamini wao wote wa michezo nchini. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki kutoka Mombasa hadi Busia, zikabaki zikihangaika kulipa mishahara. Mwaka uliofuata ligi ikapata BetKing, mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2. Mkataba ulivunjika mwaka wa 2021, baada ya msimu mmoja tu.

Mimi si mchumi, lakini mathe angeuliza swali lile lile: huyu mmoja akiondoka, nani mwingine anakulipa? Klabu yenye mashabiki wengi hivyo ingeweza kuishi kwa tiketi, jezi halali, kadi za uanachama na vipindi vya mazoezi kwa watoto. Kila kimoja kidogo, lakini havianguki siku moja.

Na kuna watu wamefanya hivyo hapa hapa nchini. Alive & Kicking walianza Nairobi mwaka wa 2004, wakitengeneza mipira ya ngozi inayoshonwa kwa mkono. Walitazama viwanja vyetu vya mawe na miiba, wakaona mpira wa kawaida haudumu, wakatengeneza unaodumu na kukarabatika, na kazi ikapatikana kwa washonaji. Kule Iten, bingwa wa mbio Lornah Kiplagat alijenga kambi ya mazoezi ya milimani. Wakimbiaji wa ng'ambo wanalipa kulala, kula na kufanya mazoezi. Mbio zake mwenyewe zilikuwa na mwisho, lakini vitanda vya kambi vinaendelea kulipwa.

Wote walianza na shida ya mtu fulani ambayo inarudi kila wiki. Jezi ya CHAN ilikuwa shida ya siku kumi na mbili.

Kocha na watoto 40

Kuna kocha mmoja hapa Thika anayefunza watoto Jumamosi. Ana watoto kama 40, na kwa miaka miwili alikuwa anawafunza bure akingoja mfadhili. Mfadhili hakuja. Kilichokuja ni kodi ya nyumba.

Mwaka jana aliita wazazi kikao. Akawaambia wazi: mipira miwili kwa mwezi, maji, dawa za kwanza, nauli ya mechi na siku zake nne za kazi. Akaandika jumla, akagawa. Ikawa shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Alipanga pia watoto wanane wasioweza kulipa waendelee bure, na akaweka gharama yao ndani ya hiyo hesabu.

"Niliogopa wazazi watatoroka," aliniambia. "Watoto watatu waliondoka. Wale wengine, wazazi wao walianza kuja kwa wakati."

Nilimuuliza anajilipa ngapi. Akacheka, kisha akanionyesha kitabu. Kuna mstari umeandikwa "Kocha", na kiasi ambacho hakigusi hata mpira ukipasuka. Vijana wengi wa spoti tunaona aibu kujiandika kwa hesabu, tunasema tunafanya kwa mapenzi. Halafu miezi sita baadaye tumechoka, watoto wamerudi mtaani na biashara imekufa.

Ukitaka kuanza, anza hapa

Haya ni mambo niliyoyatoa kwa mathe, fundi na kocha. Hayahitaji shahada.

Andika gharama zote kabla ya kuweka bei, hata nauli na bando. Gawa jumla kwa bei yako ujue ni bidhaa ngapi zitarudisha pesa. Ukiona hiyo namba inakutisha, punguza mzigo.

Uza kabla ya kununua. Chukua amana. Mteja asiyeweza kukupa nusu leo hatakupa yote kesho.

Tenga laini ya pesa za biashara na yako ya kula. Till ya M-Pesa ya biashara inakusaidia kuona mauzo ya mwezi bila kubahatisha, na siku ukitaka mkopo una kitu cha kuonyesha.

Jisajili. Jina la biashara unasajili kwa eCitizen, na ukikwama kuna Huduma Centre hapo Thika. Chukua kibali cha kaunti. Kama ni klabu, Sheria ya Michezo ya 2013 inataka usajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Ukiwa na karatasi unaweza kuingia AGPO, ule mpango unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kaunti na shule za umma hununua mipira na jezi pia.

Na mkopo, iwe ni Hustler Fund, Hazina ya Vijana au chama cha mathe, chukua ukishajua nani atanunua. Mimi nilichukua kwanza.

Zile jezi 27

Februari nilienda kupiga picha mechi ya mtaa karibu na mto Chania. Timu zote mbili zilikuja na nyeupe. Refa alitaka upande mmoja uvue mashati wacheze vifua wazi, na baridi ya asubuhi ilikuwa kali. Nikakimbia nyumbani nikarudi na jezi 12 kutoka chini ya kitanda. Nahodha akanipa shilingi 200 bila kuulizwa.

Usiku huo nilikaa na kalenda ya mathe. Fundi alinikatia mikono ya jezi 24, zikawa seti mbili za vizibao vya mazoezi. Sasa nazikodisha kwa akademia na timu za mtaa, 200 kwa kipindi, zimefuliwa na kuhesabiwa. Wiki nzuri napata vipindi sita. Nikitoa sabuni na boda, nabaki na kama 800. Nimeandika yote.

Sijaomoka. Hasara ya 14,700 bado haijarudi yote, na imebandikwa ukutani ili nisisahau. Lakini timu tatu zimeniuliza kama naweza kuwaletea mipira na koni pamoja na vizibao, na mbili zimelipa amana.

AFCON 2027 inakuja hapa Kenya, Tanzania na Uganda. Najua Stars wakishinda mechi ya kwanza, wengi wetu tutashuka Nairobi na pesa za kukopa. Mimi nitakuwa Makongeni nikipokea oda, nusu kwanza.

Jezi tatu zilibaki. Mbili niliwapa kocha na fundi. Ya mwisho anaivaa mathe akiuza sukuma, na mteja akiuliza bei yake, huwa anamwambia ilikuwa ghali sana.