Michoro ya Kidijiti na Makadirio ya Uchimbaji: Mfano wa Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Mkoa mpya huhitaji ofisi, shule, zahanati, barabara na mabomba ya maji, na kazi hizo zote huanza kwa kuchimba. Yafaa basi ielezwe jinsi mchoro wa kompyuta unavyotayarishwa ili ujazo wa udongo ukadiriwe kwa usahihi. Kwani hapo kosa la neno moja, au la tarakimu moja, hulipwa kwa fedha ya umma.

Jambo la kwanza ni asili ya mchoro wenyewe. Iko michoro ambayo mistari yake imehifadhiwa kwa tarakimu, kila ncha ikiwa na mahali pake. Na iko ambayo ni picha ya karatasi tu. Mkadiriaji majenzi apewapo picha, hana budi kuuthibitisha uwiano wake kwa kupima umbali ambao urefu wake umeandikwa. Mchoro wa 1:100 uliokusudiwa karatasi ya A1, ukichapwa katika karatasi ya A3, huwa wa 1:200, ingawa maneno “1:100” yangali yakisomeka pembeni. Mwenye kuyaamini maneno hayo hupata nusu ya kila urefu, na robo tu ya eneo.

Jambo la pili ni vizio na mahali. Mbunifu majengo aghalabu huchora kwa milimita, na mpima ardhi kwa mita; michoro yao isiwekwe pamoja kabla ya kulinganishwa. Hali kadhalika, ramani za zamani za Tanzania zilitegemea mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vyombo vya setilaiti hutumia WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili hukaribia mita 300, umbali utoshao kuliweka jengo katika shamba la mtu mwingine.

Jambo la tatu ni kimo. Ujazo hutokana na tofauti ya nyuso mbili: uso wa ardhi ilivyo, na uso utakiwao baada ya kuchimba. Mistari ya kimo inaweza kuonekana vizuri machoni, kumbe ndani ya faili yote imepewa kimo cha sifuri. Kompyuta huihesabu ardhi hiyo kuwa tambarare kama sakafu. Basi kila mstari upewe kimo chake, nyuso mbili ziwekwe katika matabaka mbalimbali, mipaka ya eneo ifungwe pasipo mwanya, na vimo vyote vihesabiwe kutoka alama moja ya kudumu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Neno “kina” halina maana kamili mpaka ielezwe kinapimwa kutoka wapi. Tuchukue mtaro wa urefu wa mita 100, upana wa mita 0.6 na kina cha mita 1: ujazo wake ni mita za ujazo 60. Lakini ikiwa udongo wa juu, unene wa mita 0.2, umekwisha kuondolewa na kulipiwa peke yake, na kina kilikusudiwa kutoka uso wa asili, kilichosalia ni mita za ujazo 48. Zile 12 zitalipwa mara mbili. Mchoro useme wazi: “kina kutoka uso wa asili”, au “kutoka uso uliokwanguliwa”.

Neno “udongo” nalo ni pana mno. Wasukuma wana majina ya udongo yafuatayo mteremko wa ardhi: luseni, wenye mchanga, karibu na vilima, ibambasi, mgumu, na mbuga, mweusi wa mfinyanzi, bondeni. Mpangilio wa namna hiyo, wa udongo kubadilika kutoka kilimani hadi bondeni, ndio aliouandikia Geoffrey Milne wa kituo cha Amani katika miaka ya 1930. Udongo wa mbuga huvimba unyweshwapo na kupasuka ukaukapo, na aghalabu msingi hulazimika kushuka zaidi au udongo huo kubadilishwa. Tena udongo ukichimbwa hulegea na kuongezeka: ukiongezeka kwa asilimia 30, zile mita 60 huwa 78, na lori la mita za ujazo 7 litakwenda safari 12 badala ya 9. Kwa hiyo mipaka ya kila aina ya udongo ichorwe, na orodha ya bei itenganishe “kuchimba” na “kusomba kifusi”.

Ni dhahiri kwamba kompyuta hukokotoa upesi, lakini haiulizi mchoraji alikusudia nini. Swali hilo laulizwa na mkadiriaji kabla ya zabuni. Lisipoulizwa wakati huo, litaulizwa na mkandarasi shimoni, naye atakuwa tayari na bei yake.