Stauti ya pipani na gunia la mtama wa Zuzu

Mtama wa Zuzu, magharibi mwa jiji la Dodoma, ukiingia kwenye pombe hugeuka fedha upesi. Mama mpika pombe huloweka nafaka, huiacha iote, huianika, husaga kimea na kupika. Siku chache baadaye ujimbi, yaani pombe hiyo, uko kilabuni. Usiponyweka leo, kesho umezidi kuchachuka na wateja wamehamia kwa jirani. Faida ni ndogo, ila mtaji hurudi mkononi haraka na hakuna riba ya benki.

Stauti ya pipani inakwenda kinyume kabisa na mahesabu hayo. Ni bia nyeusi, nzito, inayolazwa kwenye mapipa ya mwaloni miezi minane hadi mwaka na zaidi. Kiwanda cha bia cha Goose Island, Chicago, ndicho kilichoipa jina miaka ya 1990, kwa mapipa ya wiski ya bourbon. Sheria ya Marekani inataka bourbon iwekwe kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja linatafutiwa mnunuzi. Wapika bia wakajitokeza.

Haigidwi. Humiminwa kidogo kwenye glasi ya mvinyo, bila ubaridi mkali, maana ubaridi huficha harufu. Povu lake la rangi ya kahawa halidumu. Puani unakutana na vanila na nazi, vyote kutoka kwenye mbao. Ulimini chokoleti chungu na sukari guru iliyoanza kuungua, kazi ya shayiri iliyokaangwa. Kisha joto la wiski linashuka kooni. Kilevi hufika asilimia 14 hivi, karibu mara tatu ya bia ya kawaida. Mwenye kiu aagize kitu kingine.

Kampuni kubwa ya bia, AB InBev, iliinunua Goose Island mwaka 2011. Mwaka 2016, kwa kuimeza SABMiller, ikawa pia mwenye hisa mkuu wa Kampuni ya Bia Tanzania, TBL, inayonunua mtama. Ujuzi wa pipa na soko la mtama wetu viko chini ya mmiliki mmoja. Hata hivyo bia nyeusi ya baa za Dodoma ni Guinness ya kampuni ya Serengeti au Castle Milk Stout, na hizo hazilazwi pipani.

Kwamba mtama unafaa kwa bia nyeusi si jambo la kubishaniwa. Nigeria ilipozuia kimea cha shayiri kutoka nje mwaka 1988, Guinness ya huko iligeukia nafaka za nyumbani, mtama ukiwemo. Kwetu hata kodi iliwahi kuelekea huko: bajeti ya 2017/18 iliweka ushuru wa shilingi 450 kwa lita ya bia ya nafaka za ndani zisizooteshwa, dhidi ya 765 kwa bia nyingine.

Kinachokwamisha ni muda. Pipa hupumua, na hewa kavu ya Dodoma, yenye kiangazi cha miezi mingi, hunyonya maji kupitia mbao. Panahitajika ghala lenye ubaridi na unyevu, na fedha inayoweza kulala mwaka mzima. Subira hiyo wanayo watengenezaji wa mvinyo wa hapa, wanaopokea zabibu mara mbili kwa mwaka na waliozoea kungoja. Naona kwamba ikiwa stauti ya namna hii itazaliwa Dodoma, itatoka kwao, tena kwenye pipa lililobeba mvinyo mwekundu. Kuagiza la bourbon kutoka Kentucky ni gharama ya bure.

Mkulima atapata nini? Bia kali hula nafaka nyingi kwa kila lita, lakini pipa la lita 200 linamaliza gunia moja la kilo 100, labda na ziada. Mapipa 50, ambayo kwa kiwanda kidogo ni mradi mkubwa, ni tani tano tu. Bei ya mtama wa Zuzu itaendelea kupangwa na lori la kiwanda kikubwa cha bia nyepesi.