Mfarishi wa Kanga

Aliyesema kazi ya sindano hupumzisha roho hakukaa nami hapa Sandton siku moja ya baridi, Julai 2023.

Nilikusudia kumshonea mjukuu wangu mfarishi kwa kanga za marehemu mama. Kanga, kama mjuavyo, ina pindo, mji na jina. Nilitaka majina yote yaonekane, kwani mtoto huyu amezaliwa huku na Kiswahili chake ni cha salamu tu.

Asubuhi nikapima, nikakata, nikapiga bandi. Kabla sijamaliza mshono wa kwanza, umeme ukakatika. Mwaka ule mgao uliiandama Afrika Kusini nzima. Nikaikumbuka cherehani ya mkono ya mama, isiyongoja umeme wa mtu.

Uliporudi, nikashona mbiombio nikihofia usikatike tena. Kanga kuukuu ikachanika. Nikashika mkasi, nikaipunguza bila kutazama. Kumbe jina lake lilikuwa “Subira yavuta heri”, na “Subira” imeanguka sakafuni!

Miaka yote niliwaambia wanafunzi wasome swali kabla ya kujibu. Mimi sikusoma kanga kabla ya kukata. Nilitaka kulia, nikaishia kucheka, kisha nikafumua yote.

Jioni mjukuu akakiokota kile kipande, akasoma polepole: “Su-bi-ra. Bibi, maana yake nini?”

Nikamweleza. Tukakirudishia pamoja, kwa mkono. Mshono wake umekwenda upogo, nami sitaunyoosha.