“Weka bomba, fundi!”

Gari linaloshuka kutoka Ibaba, huko juu milimani wilayani Ileje, kwenda Tunduma wakati wa mvua halibebi abiria na magunia tu. Chini ya bodi lina udongo wa kutosha kuotesha mchicha. Udongo huo hujibanza kwenye ringi, kwenye springi, kwenye bolti za shokapu na kwenye maungio ya ekzosi. Hukauka, hulowana, hukauka tena. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, uko mbali na bahari, na wako wanaodhani kutu ni shida ya Tanga na Dar es Salaam. Lakini chuma hakingoji chumvi ndipo kiote kutu. Maji na hewa vinakitosha. Tena yapo magari yaliyokuja na chumvi yake: Noah au Probox iliyotembea miaka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke, hushuka bandarini ikiwa inang’aa juu na imeanza kuliwa chini.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana nati hukwama: nafasi ndogo iliyokuwapo kati ya nyuzi zake na nyuzi za studi imejaa. Siku ya pancha inapofika, wilispana inawekwa, mtu anakaza meno, nati haitikisiki. Hapo ndipo dereva, au utingo, au hata abiria mwenye haraka, anapotoa ushauri uleule: “Weka bomba, fundi!”

Bomba ni kipande cha bomba la maji kinachovikwa kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu. Hesabu yake si ngumu. Nati za ringi za gari dogo la Toyota kwa kawaida hukazwa kwa nguvu ya takribani Nyutoni-mita 103. Kwa lugha ya gereji, huo ni uzito wa kilo kumi na nusu ulioning’inizwa kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Mtu wa kilo 60 akipanda na kusimama kwenye ncha ya bomba la urefu huohuo, anatoa karibu mara sita ya nguvu hiyo. Kitu kimoja lazima kishindwe: nati izunguke, kona zake zilike, au studi ikatike. Mara nyingi sana ni hayo mawili ya mwisho, na kazi iliyokuwa ya dakika kumi inageuka kuwa safari ya kutafuta spea.

Watu humlaumu fundi wa leo, wakati nati iliharibiwa na fundi wa mwaka jana. Bomba lilelile linalotakiwa kufungulia ndilo lililotumika kufungia, kwa imani kwamba nati iliyokazwa kupita kiasi ni salama zaidi. Si kweli. Bolti ikivutwa kupita uwezo wake hurefuka na hairudi tena. Nyuzi hubanwa vibaya, na kutu humalizia kazi.

Spana nayo ina lawama yake. Ile spana malaya, ambayo hujifanya inaenea nati zote, taya zake hulegea kila unapoibana, na imekwishaviringisha nati nyingi kuliko kutu. Spana ya inchi 9/16 huingia kwenye nati ya milimita 14 ya gari la Kijapani, kisha hucheza kwa karibu milimita 0.3, na mchezo huo mdogo unatosha kulamba kona. Kwa nati iliyoganda, mimi ningechagua boksi spana ya kona sita, inayokamata ubavu wa nati. Ile ya kona kumi na mbili hukamata karibu na ncha za kona, na ncha ndizo za kwanza kufa.

Fundi mwenye subira huanza na brashi ya waya, kwa sababu mafuta hayapiti kwenye udongo. Kisha huweka dizeli au mafuta ya taa, au hupuliza kopo la WD-40, dawa iliyobuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Hiyo 40 ni jaribio la arobaini. Chochote atakachotumia, kinachofanya kazi ni muda. Nati iliyolazwa na mafuta usiku kucha ni nati nyingine asubuhi. Ugumu ni kwamba dereva mwenye abiria waliosimama kando ya barabara hataki kusikia habari za kulaza, na fundi wa gereji bubu hulipwa kwa kazi, si kwa saa.

Baada ya mafuta, nyundo: vipigo vifupi juu ya nati ili kutu ipasuke. Halafu linakuja jambo ambalo mwenye gari hulishangaa. Fundi anaikaza nati kidogo kwanza, ndipo anaifungua. Ikisogea hata unywele mmoja, anairudisha, anaongeza mafuta, anaisogeza tena. Huko kwenda na kurudi husaga kutu iliyo katikati badala ya kuisukumia mbele.

Nati ikiwa imekwishakuwa mviringo, inchi zilizotukera hugeuka msaada. Boksi ya inchi 13/16, yenye milimita 20.6, ikigongwa kwa nyundo juu ya nati ya milimita 21 iliyolika, huuma na kushika. Ikishindikana, tindo huwekwa ukingoni na kugongwa kuelekea upande wa kufungulia. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya mchomeleaji: nati mpya kubwa zaidi huchomelewa juu ya ile iliyokufa. Unapata kona mpya za kushika, na joto nalo linafanya kazi yake. Nati ya milimita 22 ikipata moto wa nyuzi joto 600 hivi, tundu lake hutanuka kwa karibu milimita 0.1. Kwa kutu, hiyo ni nafasi kubwa.

Ila moto huo ni wa springi na ekzosi. Kuchomelea au kupasha moto ringi yenye tairi kunaweza kulipua tairi, na watu wamekufa hivyo sehemu nyingi duniani. Tairi itolewe kwanza. Kama haitoki, kata nati kwa msumeno wa chuma au ipasue kwa tindo. Shokapu ya gesi na bomba la breki navyo visiguswe na mwali. Na studi iliyopata moto mkali imepoteza ugumu wake. Ibadilishwe.

Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, imeishi na malori tangu kabla ya lami. Waziri Mkuu Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, leo Zimbabwe, tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikosa njia yake ya mafuta ya kusini iliyopitia huko, na malori yakawa yanabeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupita mpakani hapo, kwenye matope, hadi bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Leo foleni ni ya shaba na kontena. Kwa hiyo fundi wa Tunduma anajua jambo ambalo wa gari dogo huko vijijini huenda hajawahi kukutana nalo: Fuso na Isuzu nyingi za zamani zina nati za kushoto zinazofunguka kinyume. Studi za magurudumu ya upande wa kushoto zimechongwa nyuzi za kushoto ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Malori mengi ya Ulaya na ya China hayana mambo hayo. Nyuzi zote ni za kulia. Anayelipandia bomba gurudumu la kushoto la Fuso ya zamani bila kuangalia, anaikaza nati ile kwa uzito wake wote huku akidhani anafungua. Afute kwanza uso wa studi. Mara nyingi kuna herufi L au R imegongwa hapo.

Wakati wa kufunga, nyuzi zisafishwe kwa brashi na studi zilizorefuka zitupwe. Kwa gari dogo, grisi isipakwe pale nati inapokalia, kwani huifanya ikaze kuliko spana inavyoonyesha. Nati zianzishwe kwa mkono mizunguko ya kwanza, zikazwe kwa kupishana, na mkono wa kawaida kwenye wilispana ya kawaida unatosha. Kisha zirudiwe gari likishatembea kilomita 50 hivi. Lami ya kutoka Isongole, hukohuko Ileje, hadi Mpemba ina urefu kama huo. Ukiishika barabara kuu pale Mpemba, egesha pembeni, ngoja ringi zipoe, shuka na wilispana. Bomba liache nyumbani.